Tupeane uzoefu: turbo iliyowahi kukutoa jasho

Mtaa wa Nyuma
Wakuu, leo alfajiri nikiwa bado kitandani nimesikia gari linatoka geti la jirani, linapiga ule mluzi… fiiiii… nikajikuta nimekaa kitako. Mluzi kama huo ndio ulioimaliza Prado yangu ya injini ya 1KZ mwaka 2019. Wiki tatu nzima nilidhani ni upepo wa dirishani, kazi yangu ikawa kupandisha kioo tu. Kuja kufungua, mapanga ya turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, yameliwa kama gunzi la muhindi. Chanzo ni boksi la ea klina nililolifunga mwenyewe, klipu moja haikushika, vumbi likawa linaingia bila kuchujwa. Laki tisa zikaenda. Wenye makovu njooni.

Ngosha wa Dizeli
Laki tisa ulipigwa.

Sijali Foleni
Naunga mkono hoja. Sina nguvu ya kusimulia yangu.

Baba Wawili
Mnisamehe kwa urefu. Nilikuwa na Pajero ya zamani, injini ya dizeli 4D56, otomatiki. Tunakwenda Mafinga msibani: mimi, mama watoto, shemeji zangu wawili na bibi yao. Tangu Morogoro naona moshi wa bluu kwenye kioo cha pembeni kila nikikanyaga mafuta. Mikumi nikasimama, fundi wa kando ya barabara akachomoa dipstiki, akasema, "Bosi, oili imekwisha, ongeza." Nikamimina lita tatu, nikafunga, sikupima tena. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Mlima wa Kitonga tumeupanda nyuma ya malori, mguu chini muda wote. Mshale wa joto umekaa katikati, nikajisifu. Kufika Ilula bibi akataka nyanya. Nikasimama, nikaweka P, injini haishuki. Inapanda. Nikadhani nimekanyaga mafuta, kuangalia, mguu uko hewani. Nikazima swichi. Inapanda tu. Nikachomoa ufunguo, nimeushika mkononi hivi, na gari linanguruma kama ndege inayotaka kuruka! Moshi mweupe ukafunika mabanda yote, wauza nyanya wanakimbia na matenga kichwani.

Dereva wa lori akaja mbio anapiga kelele, "Inakula oili yake hiyo, izibeni pumzi!" Akafungua boneti, akachomoa hozi kwenye ea klina. Shemeji akavua shati alisokomeze, akapigwa mkono: "Litamezwa!" Yule dereva akavua ndala yake, zile pana za kuogea, akaibandika kwenye mdomo wa bomba. Ndala ikanyonywa mpaka ikabonyea katikati. Injini ikakohoa mara mbili, ikafa. Kimya kile sijakisahau, unamsikia bibi peke yake kiti cha nyuma anamalizia Salamu Maria.

Mazishini tulifika kwa basi. Dereva nilimnunulia ndala mpya palepale. Ile ya zamani ninayo mpaka leo, ina alama ya duara.

Kaka wa Sinza
Chai. Umechomoa ufunguo halafu injini iendelee? Inakula nini?

Baba Wawili
Nenda Ilula kawaulize wauza nyanya.

Spana 14
Si chai, kijana. Mhimili wa turbo unazunguka mara laki moja na zaidi kwa dakika, na umeelea juu ya oili tu. Sili zikichoka, oili inavuja upande wa hewa na kuingia kwenye injini. Dizeli haihitaji plagi ya cheche, inachoma chochote chenye mafuta. Ukizima swichi umekata dizeli, oili hujaikata. Na zile lita tatu ndizo zilizomponza: oili ikizidi, ya kwenye turbo inashindwa kurudi chini, inatafuta njia nyingine.

Ingekuwa gia za mkono, unaweka gia kubwa, breki mpaka mwisho, unaachia klachi, inajifia. Otomatiki haina hiyo, ni kuziba hewa tu. Usitumie kiganja.

Kaka wa Sinza
Sawa, ni chai lakini ya maziwa.

Sijali Foleni
Kuanzia leo ndala moja inakaa kwenye dashibodi.

Mama Shuwari
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, yangu ndogo lakini iliniuma. Nilikuwa nakwenda Bububu, nasikia "pwaa!" chini ya boneti, gari ikawa haina nguvu, moshi mweusi tele. Fundi hata hajainama keshasema, "Turbo imekufa, dada, milioni na nusu." Nikampigia kaka yangu, akaja na tochi. Hozi ya kwenda kwenye intakula, kile kipozea hewa ya turbo, imechomoka, klempu imeliwa na kutu. Klempu mpya shilingi elfu tatu. Fundi yule tukisalimiana sasa anaangalia chini.

Mkulima Nakuru
Mimi ni Subaru, Forester turbo. Nilibadilisha turbo mara mbili kwa mwaka mmoja, bana. Ya pili haikumaliza miezi minne. Mzee mmoja ndiye aliniuliza, "Ile bolti ya paipu ya oili mlisafisha?" Ndani ya hiyo bolti kuna kichujio kidogo kama cha chai. Tulipokitoa kilikuwa kimejaa lami nyeusi, sindano haipiti. Turbo zote mbili zilikufa kwa kiu na oili iko imejaa kwenye injini.

Spana 14
Hapo umesema. Ukibadilisha turbo bila kusafisha njia ya oili, umenunua msiba mwingine. Na hozi pamoja na intakula zioshwe, kuna oili ya ile ya zamani imelala humo. Turbo mpya uidondoshee oili kwenye tundu lake kwanza, upige stata bila kuwasha mpaka oili ifike. Wengi wanawasha kavukavu.

Ngosha wa Dizeli
Na ukifika safari usizime gari, subiri dakika tano. Mimi nimefunga taima, nachomoa ufunguo, gari linajizima lenyewe baadaye.

Spana 14
Dakika tano za nini wakati umetoka dukani? Kilomita ya mwisho endesha taratibu, inatosha. Ukitoka kupanda Kitonga ndipo usubiri dakika moja au mbili, maana turbo imewaka nyekundu na oili ikisimama humo inaungua inakuwa mkaa.

Ngosha wa Dizeli
Niliyenayo ina kilomita laki tatu turbo ileile. Wewe umeuza ngapi mwaka huu?

Spana 14
Nauza kwa wanaosikiliza ushauri wako.

Mama Shuwari
Na mafuta ya kusubiri dakika tano analipa nani?

Mhasibu Mstaafu
Mnaongelea turbo kufa, yangu ilihama ikiwa hai. Gari nililiacha gereji siku mbili kwa ajili ya breki. Breki tu! Kulichukua, halivuti. Nikadhani ni mafuta machafu. Mwezi umepita ndipo mtu mwingine anamulika ananiambia, "Mzee, turbo hii si ya injini hii, na nati mbili hazipo." Stadi mbili ziko uchi, moshi unavujia kwenye gasketi. Nikirudi kule wananitazama kama nimetoka kuota.

Siku hizi kabla ya gereji napiga picha kibati cha namba kilichopo kwenye turbo, halafu rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nachora mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye bodi. Nati ikiguswa mstari unakatika. Upande wa baridi lakini, upande wa ekzosi rangi inaungua yote.

Spana 14
Basi mafundi wote wezi.

Mhasibu Mstaafu
Sijasema wote. Umeitika mwenyewe.

Kaka wa Sinza
😂😂 Rangi ya kucha na ndala. Gari hili au saluni?

Mkulima Nakuru
Hapa kwetu watu huchonga namba ya gari kwenye kila kitu, vioo, taa. Turbo sijawahi fikiria. Kesho naenda kuchonga.

Baba Wawili
Aliyeleta mada, jirani umemwambia? Mwambie aangalie oili leo, asingoje kesho.

Mtaa wa Nyuma
Nimetoka kwake sasa hivi. Nilikwenda na uso wa msiba kabisa, nikamweleza habari ya mluzi, mapanga, na Ilula nimemsimulia. Amenisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka nyuma ya gari. Ni IST. Haina turbo. Kijana wake amechomeka kifilimbi kwenye bomba la moshi ili isikike kama inayo. Elfu kumi na tano. Ananiuliza kama na mimi naomba aniletee.