Kontrakta wa madirisha kachukua pesa, kabeba na mbao zetu za mvule, mvua inaingia ndani

Assalaam aleikum jamani. Nna hasira na hili jambo nimelinyamazia tangu masika yaanze nikisema labda atarudi arekebishe, hakurudi, simu hapokei, meseji za wasap anasoma na hajibu, sasa naliweka hapa ili mtu mwengine asije akaliwa kama tulivyoliwa sisi. Jina lake silitaji, anajijua.

Nyumba ya mama ipo Chukwani hapa Unguja, karibu na bahari, kaijenga marehemu baba na madirisha yake yalikuwa ya mvule na luva za vioo. Bawaba zimeliwa na kutu, yale ya upande wa kusini yashaoza chini, ndo tukakubaliana na ndugu zangu tutie aluminiamu ya kusukuma nyumba nzima. Tukaulizia makontrakta watatu. Wawili wakatupa bei ya futi kwa simu tu, hata nyumba hawajaiona! Huyu wa tatu ndo aliyekuja, kamwamkia mama shikamoo ya adabu, katuonyesha picha za nyumba nzuri nzuri kwenye simu, kapima, na mie nikamweleza kila kitu mbele ya kaka yangu: hapa ni pwani, chumvi inakula chuma, nataka skurubu za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi, kioo milimita 6, roli madhubuti za kuendeshea dirisha, nyavu za mbu, na reli ya chini itobolewe matundu ya kutoa maji. Kila kitu ndio dada, usijali dada.

Kotesheni, yaani karatasi yake ya bei, ilipokuja imeandikwa mstari mmoja. Madirisha 8, vifaa na ufundi, jumla kadhaa. Basi!

Nikamwambia andika aina ya skurubu na unene wa kioo, akaniambia "dada sisi kazi zetu tunafanya kwa imani". Imani gani? Qur'ani yenyewe, aya ndefu kuliko zote, Baqara 282, inatuamrisha tuandike tunapokopeshana, na mtu unayempa asilimia 70 ya pesa kabla hajaleta hata kipande cha fremu ushamkopesha huyo, tena mkopo mkubwa. Kaka akakaza, mwisho kontrakta akaandika kwa mkono wake kioo mm 6 na skurubu stenlesi, akatia saini. Ile karatasi ninayo mpaka leo na ndo inayonipa nguvu.

Zikaanza hadithi za mzigo haujavuka kutoka Dar, mara boti, mara bandarini. Mzigo ulipofika yeye hakuja! Kaleta vijana wadogo, hawana fundi mkubwa wa kuwasimamia, hawajui tulikubaliana nini, wakachukua nyundo na mtaimbo wakang'oa fremu za zamani mpaka plasta ya nje ikaanguka vipande vipande. Mie nipo kazini, mama peke yake nyumbani anawaambia wanangu taratibu, hawamsikilizi. Jioni narudi nakuta fremu zote za mvule zishapakiwa garini zimeondoka, eti takataka wamemsaidia bi mkubwa kutupa. Takataka?! Mvule! Nani asojua mbao ya mvule ya zamani inauzwaje hapa mjini, mafundi wa milango na makabati wanaitafuta kwa tochi, na mbao za juu na za pembeni zilikuwa nzima kabisa. Hili ndo linaloniuma kuliko yote, zile mbao baba alizichagua mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Kapima upana sehemu moja tu ya kila tundu, juu hakupima, chini hakupima, na nyumba ya zamani ukuta wake haujanyooka kila mtu anajua, unapima juu kati na chini unachukua kipimo kidogo. Matokeo yake fremu nyengine zimeacha nafasi vidole viwili kwa ukuta, wakaziba kwa silikoni tupu, tena ile yenye harufu ya siki, ile haishiki vizuri kwenye saruji na ni mbaya kwa vyuma. Ishabanduka. Vioo chumbani kwa mama vinacheza kama jino la mtoto, tumepima ni milimita 4. Kaka kaleta sumaku kaigusisha kwenye skurubu ikanasa pale pale, chuma cha kawaida hicho, stenlesi nzuri sumaku haiishiki hivyo. Na chuma ukikiweka juu ya aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndo inayoliwa, pembeni ya kila skurubu pashaanza unga mweupe na hata mwaka haujafika.

Matundu ya maji hakuna hata moja. Reli ya chini inajaa, maji yanafurika ndani. Godoro la mama limerowa, mzee mwenye miguu mibovu anaamka usiku anakanyaga maji sakafuni, tumemhamishia ukumbini. Na masika yakimaliza ndo upepo wa kusi unakuja na manyunyu yake, na chumba chake kinaelekea huko huko.

Halafu, kabla hajaacha kupokea simu, alidai asilimia 30 iliyobaki! Nikamwambia hapati hata shilingi mpaka atie vioo tulivyoandikiana, skurubu tulizoandikiana, na arudishe mbao au thamani yake. Akasema mie mkorofi. Sawa.

Na nimesikia kumbe alienda mpaka Kiponda kwa binamu yangu akataka kumng'olea madirisha ya mbao amtilie aluminiamu, hakumwambia kabisa kwamba Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000 na kubadilisha dirisha pale lazima upate kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Angeng'oa, angechukua mbao, na msala ungebaki kwa mwenye nyumba. Alhamdulillah binamu aliuliza mapema.

Wiki hii naenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, na ile karatasi na picha zote, asipokuja kukaa kitako tuelewane napeleka malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kazi yao ni pamoja na kumlinda mtumiaji. Kama kuna mwengine kafanyiwa hivi na mtu wa aina hii, hasa upande wa Chukwani, Mazizini na Mbweni, aniandikie faragha tuende pamoja, mmoja mmoja wanatuona wapiga kelele.

Na mwenye kumjua fundi wa aluminiamu anayekubali kuandika unene wa kioo, aina ya skurubu na tarehe ya kumaliza, anayesimamia vijana wake mwenyewe na kulipwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda, naomba namba yake. Awe tayari kuanza na chumba cha mama. Wa bei ya futi kwa simu msinitumie.