Wateja wa saiba wanakataa Firefox, wanataka Chrome tu. Mlihamaje nyinyi?

SaibaKondele

Habari zenu wadau. Niko Kondele hapa Kisumu, nina kasaiba (intaneti kafe) ka mashini nane. Sita kati ya hizo bado ziko Windows 7, ni mitumba nilinunua nikianza kazi, RAM 4GB na mbili zina 2GB tu, kuziweka Windows mpya haziwezi. Sasa Chrome iliacha Windows 7 mwanzo wa 2023, toleo la mwisho lilikuwa 109 na hapo ndipo imekwama mpaka leo. Mwanzoni sikujali juu ilikuwa inafungua kila kitu, lakini sai kuna tovuti zinaleta ujumbe ati brauza yako ni ya zamani, zingine zinafunguka nusu, batani ya kutuma haionekani, mtu amejaza fomu karibu saa nzima halafu mwisho inakataa na anatoka bila kulipa na siwezi kumlaumu.

Nikaweka Firefox 115, ile ya ESR (toleo linalotunzwa muda mrefu), juu Mozilla wenye Firefox waliendelea kuipea viraka vya usalama kwa Windows 7 muda mrefu baada ya Chrome kuondoka. Inafanya kazi poa kabisa. Shida ni watu. Mtu anaingia, anakaa, anaangalia skrini, anauliza "Google iko wapi?" Anatafuta kale kaduara ka Chrome ka nyekundu, kijani na manjano. Nikimwonyesha ile mbweha ya Firefox anasema hiyo si intaneti. Jana mama mmoja amehama mashini tatu akitafuta yenye iko na Chrome, mwishowe akaenda kwa jirani.

Hii kitu imenikosesha usingizi, si juu ya hiyo shilingi, ni juu sielewi. Firefox ni ya bure, iko hapo tayari, inafungua ile fomu yenye Chrome imekataa, na bado mtu haitaki. Kwani watu hubadilisha brauza kwa sababu gani? Na nyinyi mlihama lini na mlihamishwa na nini?

Mwalimu_wa_Lurambi

Mdogo wangu, hayo unayoyaona Kondele mimi niliyaona Kakamega miaka ishirini iliyopita, isipokuwa wakati huo haikuwa kaduara, ilikuwa herufi "e" ya bluu.

Nilikuwa nafundisha kompyuta, na wanafunzi wangu walikuwa wanaita ile "e" intaneti yenyewe. Ukiifuta kwa bahati mbaya mtoto anakuja kulia ati amefuta intaneti ya shule. Na kabla ya hiyo "e" kulikuwa na Netscape, iliyotoka 1994 na kwa miaka kadhaa karibu kila mtu aliyeingia kwenye wavuti alikuwa anaitumia. Microsoft wakatoa Internet Explorer, ndiyo hiyo "e", mwaka uliofuata, 1995, wakaanza kuifunga pamoja na Windows, bure. Kwa hivyo mtu akinunua kompyuta anaikuta ndani tayari, ya nini ahangaike kutafuta nyingine? Mei 1998 serikali ya Marekani ikawashtaki Microsoft kwa huko kuifunga, kesi ikaenda miaka, lakini Netscape haikungoja hukumu. Mwaka huo huo ilitoa maandishi ya ndani ya programu yake wazi kwa umma na ikakubali kununuliwa na kampuni ya AOL. Hayo maandishi ndiyo yalikuja kuzaa Mozilla, na Mozilla ikazaa hiyo Firefox yako. Mimi hilo hunigusa sana, kitu kilishindwa sokoni na mbegu yake bado iko kwa mashini zako sita.

Sasa swali lako, watu huhama lini. Explorer 6 ilitoka 2001, Microsoft wakashinda, wakakaa. Toleo la 7 lilikuja 2006. Miaka mitano! Na hiyo miaka mitano yote tulikuwa tunateseka, unafungua ukurasa mmoja vinaruka vidirisha kumi vya matangazo, virusi vinaingia hata hujabonyeza kitu, mimi nilikuwa natumia Jumamosi zangu kufomati mashini za maabara. Firefox 1.0 ikatoka Novemba 2004, ilikuwa ndogo, chini ya megabaiti 5, nikaibeba kwa flashi diski nikaiweka kwa mashini zote. Ilizuia vile vidirisha, na ulikuwa unafungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja. Wiki mbili hakuna mtoto aliuliza tena "e" iko wapi. Walihama kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inawaumiza KILA SIKU na wanaona. Wateja wako Chrome haijawaumiza bado, imekuumiza wewe. Yeye hiyo fomu anajaza mara moja kwa mwaka.

Nyar_Kano

Mwalimu umesema ukweli lakini umeongea kama mtu wa kompyuta, wengi wetu intaneti ya kwanza haikuwa kwa kompyuta, ilikuwa kwa kabambe, ile simu ndogo ya batani. Mimi nilihama mara ya kwanza juu ya pesa, sio virusi.

Nilikuwa Maseno chuo, nina kale ka Nokia, ile brauza ilikuja na simu ukifungua ukurasa mmoja krediti imeisha na picha bado hazijaonekana. Rafiki yangu akanitumia Opera Mini kwa bluetooth. Ilikuwa kama uchawi omera, naweka krediti ya shilingi kumi nasoma siku nzima. Baadaye ndio nilikuja kuelewa, ni vile simu yako haifungui ile tovuti yenyewe, inaomba seva za Opera, hizo seva ndizo zinafungua, zinafinya ukurasa unakuwa mdogo kabisa halafu zinakutumia. Ni watu wa Norway walitengeneza, ikatoka dunia nzima 2006, na kwetu hostel hakuna mtu alihitaji kushawishiwa. Hakuna tangazo, hakuna nini, ulikuwa unaona tu mwenzako anachati kutoka asubuhi na krediti yake haiishi.

(Tahadhari tu kwa wale bado wanatumia ile hali ya kufinya sana: ukurasa unapita kwa seva ya mtu mwingine, kwa hivyo mambo ya benki fanya na brauza ya kawaida.)

Halafu nikanunua simu ya Android, Chrome iko ndani tayari, na bando zikashuka bei, nikakaa hapo. Chrome yenyewe ilikuwa na kitu cha kupunguza data, wakaitoa 2022 wakasema data imekuwa rahisi nchi nyingi. Kwa nchi nyingi sawa. Mamangu huko Ahero bado ananunua bando ya siku na anaihesabu, na hiyo siku waliitoa nilirudi Opera Mini nikamwekea yeye pia. Kwa hivyo mimi nimehama mara tatu na mara zote ilikuwa juu ya krediti. SaibaKondele kwako mteja analipia dakika, halipii megabaiti, hana kitu cha kuokoa akihama.

Fundi_Nax

Wazee heshima zenu. Mimi natengeneza tovuti hapa Nakuru, maduka ya hadwea, sacco ndogo, mashule. Niongeze upande wangu juu naona hakuna mtu ameugusa.

Chrome ilipotoka Septemba 2008 haikushinda kwa kuwekwa tu, tuseme ukweli, ilikuwa nzuri. Kila ukurasa unaendesha peke yake kama programu tofauti, mmoja ukiganda zingine zinaendelea, kabla ya hapo ukurasa mmoja mbaya ulikuwa unaangusha dirisha lote na kazi yako yote. (Hiyo ndiyo pia inakula RAM yako bro, kwa mashini ya 2GB utaisikia.) Lakini ikisaidiwa na nini? Ukurasa wa Google wenyewe ulikuwa unakuambia uichukue, na baadaye Android ikaja nayo ndani. Mahali inakuja tayari ni pesa kubwa sana, si mchezo. Kwa ile kesi ya Google huko Marekani ilijulikana kortini kwamba mwaka wa 2022 pekee walilipa Apple dola bilioni 20 ndio wawe injini ya kutafuta inayokuja tayari kwa Safari. Bilioni 20 ndio mtu asibadilishe kitu ambacho anaweza kubadilisha kwa dakika moja! Hawa watu wanajua mteja wako kuliko yeye anavyojijua.

Ulaya walijaribu dawa. Kuanzia 2010 Microsoft walilazimishwa kuonyesha mtu skrini ya kuchagua brauza. Halafu kwa Windows 7 ile skrini ikapotea kutoka 2011 hadi 2012, zaidi ya mwaka mzima, na 2013 wakapigwa faini ya yuro milioni 561.

Kitu inaniuma mimi ni hii. Opera waliacha injini yao, ile sehemu ya brauza inayochora ukurasa, 2013 wakahamia ya Chrome. Edge ya Microsoft ikafuata, toleo la Januari 2020. Brave, Samsung, zote ndani ni Chromium, ule msingi wa Chrome yenyewe. Kwa hivyo mtu anafikiri amehama na amebadilisha rangi ya mlango tu. Iliyobaki na injini tofauti kabisa ni Firefox, na Safari ya Apple. Na sisi mafundi ndio tunaimaliza, juu tunajaribu kazi yetu kwa Chrome pekee. Mimi nilifanya hivyo, fomu ya oda ya mteja mmoja hapa mjini ilikuwa inaleta tarehe mbovu kwa iPhone karibu miezi miwili, watu wanaacha oda katikati na hakuna mtu ananiambia. Niliomba msamaha na nikairekebisha bure, na tangu hiyo siku sipeani kazi kabla sijaifungua kwa Firefox na kwa iPhone ya dadangu.

Kwa shida yako, fanya hivi rahisi: badilisha aikoni. Weka picha ya kaduara ka Chrome kwa njia ya mkato ya Firefox. Hawatajua.

Nyar_Kano

Fundi hapana. Mtu anaandika paswadi ya kodi, ya kila kitu hapo ndani, halafu umemdanganya hata ni programu gani anatumia? Siku akigundua atauliza ni nini ingine umeficha, na huyo harudi. Afadhali abaki na ile "Google iko wapi" yake.

Mwalimu_wa_Lurambi

Naunga mkono huyo dada. Na tena sikiliza vizuri anachouliza. Hasemi Chrome iko wapi, anasema Google iko wapi. Huenda anatafuta ule ukurasa mweupe wenye kisanduku katikati. Weka Firefox ifungukie hapo na uandike chini ya ile mbweha neno INTANETI. Huo si uongo.

Fundi_Nax

Mko sawa, naondoa hiyo ya aikoni. Nilikuwa naangalia kazi iende tu.

SaibaKondele

Nimerudi baada ya wiki mbili, asanteni sana, wacha niwape majibu.

Zile sita nimeziacha na Firefox pekee, nikaiweka ifungukie Google na chini nikaandika INTANETI kama mwalimu alivyosema. Wengi wao hiyo ilitosha. Anabonyeza, anaona kisanduku, anaandika, maneno yameisha. Sikuwa nafikiri itakuwa rahisi hivyo, nilikuwa nimejipanga kuelezea kila mtu.

Lakini kuna kikundi walibaki wanakataa na nikaamua nikae nao nisikilize. Yule mama wa mashini tatu alirudi, ni mwalimu wa shule ya msingi, nikamwita pembeni nikamuuliza polepole, mathe ni nini yenyewe. Kumbe hajui paswadi zake! Hata moja. Zote ziliwekwa na kijana fulani miaka iliyopita na zikahifadhiwa na Chrome kwa simu yake, kwa hivyo akifika saiba anaingia kwa akaunti ya Google ndani ya Chrome, zinajileta zenyewe, anafanya kazi yake anaenda. Ukimpea Firefox amefungiwa nje ya maisha yake yote. Mimi nilikuwa namuona mkaidi.

Na hapo nikaogopa pia, juu inamaanisha kuna watu wamekuwa wakiacha paswadi zao zote kwa mashini zangu wakisahau kutoka.

Tulikaa na yeye kama nusu saa. Tukafungua Chrome kwa simu yake, kwa mipangilio, mahali pa paswadi, akaziona moja moja akaziandika kwa daftari lake mwenyewe, mimi nikaangalia kando. Sikumtoza. Firefox nimeipanga ifute kila kitu ikifungwa, na zile mashini mbili ziko na Windows mpya nimeacha Chrome lakini wanaingia kwa hali ya mgeni.

Swali la mwisho: kuna jamaa anataka kuhamisha zake zote kwa Firefox ya laptopu yake ya nyumbani, ni nyingi, zaidi ya mia. Aandike kwa mkono?

Fundi_Nax

Asiandike. Chrome inaweza kuzitoa zote kwa faili ya CSV, Firefox ya kompyuta inaisoma. Lakini hiyo faili iko wazi kabisa, mtu yeyote akiifungua anaona kila paswadi, kwa hivyo afanyie nyumbani kwa laptopu yake, isiguse mashini ya saiba wala flashi ya mtu, na akimaliza aifute na aifute tena kwa pipa la taka.

Nyar_Kano

Na huyo mwalimu alirudi?

SaibaKondele

Alikuja Alhamisi na daftari limefungwa na mpira wa kufungia sukuma wiki, akakaa mashini ya mwisho karibu na dirisha, ile ya 2GB. Hakuniita.