Fundi anayejaza grauti kati ya bathtabu na ukuta aje hapa ajitetee

Wakuu heshima kwenu ila leo nimechoka. Hivi inakuwaje fundi anamaliza kubandika tailizi juu ya bathtabu, halafu ule mstari ukuta unapokutana na bathtabu anaujaza grauti, ule uji wa simenti ule ule wa kuziba nafasi katikati ya tailizi, anafuta na sponji, anapiga picha anasepa? Wapo wengi na mmoja kanifanyia mimi.

Mwanzoni ilipendeza, nyeupe imenyooka. Haikuchukua muda ufa ukatokea mwembamba kama uzi wa kushonea, kona hadi kona. Nikampigia akasema hiyo kawaida, akaja akapaka grauti nyingine juu ya ufa, ikapasuka palepale, ndo akaanza kusema eti tunaoga vibaya tunarusha maji ukutani. Sasa ukuta wa bafuni usiguswe na maji?

Jamani hili jambo si la siri. Bathtabu haitulii. Hizi za akriliki, yaani za plastiki, ukiweka maji lita 150 hizo ni kilo 150, akiingia mtu wa kilo 70 tayari unaongelea 220, lazima inashuka kidogo, ukiyatoa maji inapanda tena na ukuta uko palepale haujasogea. Grauti ya simenti ikikauka haivutiki, kwa hiyo ama ipasuke ama iachie upande mmoja. Ndo maana pale panawekwa silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya ukungu, kwa sababu yenyewe inavutika inarudi.

Na hata hiyo silikoni wengi wanaipaka bathtabu ikiwa tupu!! Unajaza maji kwanza ili ishuke, unapaka, unayaacha maji humo mpaka silikoni ikauke, mara nyingi ni kama saa 24 ila soma kwenye tyubu, ndo unayatoa. Ukipaka ikiwa tupu, mtu akioga mara ya kwanza tu tayari silikoni imevutwa na inaweza kuanza kubanduka. Miguu ya bathtabu nayo ikazwe, kama inacheza hakuna silikoni itakayovumilia.

Kilichoniuma zaidi ni nilichokuta nyuma. Nimevuta kigae cha safu ya chini kikatoka kwa mkono, gundi imewekwa madonge matano, kwingine kote wazi na maji yamejipitishia humo humo katikati ya madonge. Nyuma yake bodi ya jipsamu, tena ile ya kawaida kabisa ya sebuleni, imevimba imekuwa laini kidole kinazama, harufu usiseme. Hakuna dawa yoyote ya kuzuia maji iliyopakwa kabla ya tailizi. Na hapa wateja wengi wanadanganywa, wanaambiwa tailizi zikishawekwa ukuta hauingii maji. Uongo, grauti ya kawaida inapitisha unyevu, kinga inatakiwa iwe nyuma ya tailizi.

Nikaita fundi mwingine, naye bila hata kukagua katoa bunduki ya silikoni anataka apitishe juu ya grauti iliyopasuka. Nikamwambia aondoke. Silikoni inatakiwa ishike kigae upande huu na bathtabu upande ule, grauti yote ikwanguliwe kwanza, pawe pasafi na pakavu kabisa. Ukifunika juu juu maji yaliyoingia ndani yanabaki yanaozesha ukuta na wewe huoni chochote.

Yule wa kwanza namdai arudi aondoe bodi iliyooza, aweke ya simenti, apake kinga, ndo tailizi zirudi na gundi ya kutosha nyuma. Kagoma, anasema alikabidhi kazi ikiwa nzima.

Wenye uzoefu, safu mbili za chini zimelegea ila kuanzia ya tatu nikigonga panalia pagumu bado, nitoe hizo mbili tu au nishushe ukuta wote? Na kama wewe ni fundi na pale huwa unajaza grauti andika hapa sababu yako, naisubiri.