Tupeane uzoefu: simu yako ya zamani iliyokuwa nzito uliifanyaje ikarudi kwenye spidi?

Wakuu habari za muda huu. Nina kasimu ka Android, RAM (kumbukumbu ya kuendeshea app) GB 2, storeji GB 16, ukigusa WhatsApp unaweza kwenda kubandika chai ukarudi ndo kwanza inafunguka. Mpya sinunui sasa hivi, ada kwanza. Waliofanikiwa tupeni stori, ila "nunua nyingine" hiyo naijua.

—

Mkuu anza na storeji, hayo mengine baadaye. Simu ya bi mkubwa ilikuwa hivyohivyo, nikaingia WhatsApp kwenye settings, sehemu ya storeji, ukifungua inakupangia magrupu kwa uzito, juu kabisa nakuta grupu la kamati ya harusi, harusi ilishapita na bibi harusi ameshajifungua lakini video za kitchen party bado zimejaa mle na mapicha ya maua ya "asubuhi njema". Nikafuta, nikazima ile ya kudownload vitu vyenyewe. Halafu wengi hawajui kwenye mafaili ya simu, ndani ya folda la WhatsApp, kuna folda ya Databases, WhatsApp inaweka nakala ya meseji humo kila usiku na inatunza za siku 7 hivi, sasa kama una magrupu mengi kila nakala inakuwa zigo. Bakisha ya mwisho tu. Simu ikijaa mpaka pomoni inakosa hata pa kuandikia mambo yake ndo maana inaganda.

—

Na hizo app za "kusafisha RAM" toa zote jamani!! Inaua app, Android inaziwasha tena, inaua tena, chaji inaisha bure na juu yake unaletewa matangazo.

—

Mi nilichofanya ni ile ya kuingia settings ya simu, kwenye taarifa za simu, kugusa build number mara 7 ikafungua developer options (menyu iliyofichwa ya mafundi wa app), animesheni zote tatu nikashusha toka 1x kwenda 0.5x. Haiongezi nguvu yoyote, inapunguza mbwembwe tu, ila utaona tofauti. Vingine vya mle kama huvijui viache.

—

Wa iPhone msisahau betri. Apple wenyewe walikubali 2017 kwamba simu zenye betri iliyochoka wanazipunguza kasi zisizime ghafla, kwa mwaka 2018 wakashusha bei ya kubadili toka dola 79 mpaka 29. Yangu nilibadilishiwa na fundi Kariakoo, ikawa nyepesi siku hiyohiyo. Mwambie fundi aijaribu mbele yako kabla hujatoa hela.

—

Huku Nairobi mimi nilireset yote, yaani nilifuta kila kitu ikarudi kama mpya. Lakini wasee, kabla ureset hakikisha unajua Gmail iliyo kwa simu na password yake, juu ikiwaka inaweza kukuuliza hiyohiyo, na kama hukumbuki utakaa nayo hivyo. Baadaye usirudishe kila app, Facebook weka Lite, ile app yake nyepesi.

—

Asanteni sana wadau. Databases nimeikuta kweli, imejaa, nimefuta na WhatsApp sasa inafunguka bila kunikera. Ila kuna app zilikuja na simu, nikibonyeza haziniletei uninstall kabisa, hizo mnazitoaje?

—

Hazitoki mkuu. Ingia kwenye app info, futa updates zake kisha disable, inalala hapohapo. Usiguse Google Play Services tu, app nyingine nyingi zinaitegemea.