Uzi wa rangi za Ziwa Natron: ninunue uliotiwa rangi kwa mkono au nitie mwenyewe?

SindanoMbili, Arusha
Wafumaji wenzangu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nataka kumfumia shangazi yangu shali ya rangi za Ziwa Natron. Amekulia Ngare Sero, chini ya mlima, na hadi leo hamalizi siku bila kupataja. Nawaza waridi la heroe, wekundu wa maji ya kiangazi, weupe wa magadi ufukweni na kijivu cha mlima wenyewe, Oldoinyo Lengai.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza, ndugu aliye nje aniletee merino, ile sufu laini, iliyotiwa rangi kwa mkono, kama ya kampuni za Malabrigo au Manos del Uruguay. Ya pili, ninunue sufu nyeupe ya kina mama wa Nanyuki wanaosokota kwa mkono, niitie rangi kwa mimea. Ya tatu, sufu nyeupe vilevile, ila kwa rangi za unga za viwandani zilizotengenezwa kwa ajili ya sufu. Moyo wangu uko kwenye ya pili. Nipimieni, maana shali hii naitaka idumu.

MamaTumaini, Moshi
Marahaba mwanangu. Kabla ya rangi, fikiria shingo ya shangazi. Sufu ya kusokotwa kwa mkono ni nzuri mno kwa blanketi na kizibao, lakini mara nyingi ni nene, huwa na sehemu nyembamba na sehemu zilizovimba, na inachoma kidogo ikigusa ngozi. Merino ni laini.

Angalia na urefu. Malabrigo Rios ina mita kama 192 kwa gramu 100. Uzi mwembamba wa soksi unakaribia mita 400 kwa gramu hizohizo. Kwa shali kubwa isiyolemea mabega, mimi ningetafuta huo mwembamba. Manos nawapenda kwa sababu nyingine pia: ni ushirika wa wanawake wa vijijini tangu 1968, kwa hiyo hela yako inafika kwa mtu aliyeshika sufuria.

FundiMakete
Dada Sindano, mimi nina onyo tu. Huku kwetu Makete baridi haina mchezo na masweta tunafuma mwaka mzima, ila uzi mwingi wa sokoni ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki, hata pale muuzaji anapouita sufu. Akriliki haishiki rangi ya mimea wala hizo za unga za sufu. Utachemsha mpaka jioni na maji ya kwanza ya kusuuza yataondoka na rangi yote. Choma kipande kidogo cha uzi. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu yanayosagika. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

La pili: msidanganyike na rangi za batiki kwa kuwa zinapatikana kila duka. Zile hufanyiwa kazi na kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), na kostiki ya moto inayeyusha sufu kabisa. Batiki ni ya pamba. Na magadi ya Natron yenyewe, hata kama yanavutia kwa maana yake, yaache ziwani, kwa sababu sufu na maji makali ya magadi haviendani.

Kokwa_na_Maganda, Naivasha
Niwatetee mimea, kwa sababu nimeipenda kazi hii na rangi zake hazigombani. Chochote kikitoka sufuriani kinakaa vizuri na mwenzake, kama vile milima na nyasi zinavyokaa pamoja.

Kwa gramu 100 za sufu, chemsha kwanza na gramu 10 hadi 15 za shabu, ileile ya vinyozi. Maganda ya vitunguu yanatoa dhahabu hadi kahawia. Marigoldi inatoa njano, na ukiongeza chumvi ya chuma kidogo sana inageuka kijani cha nyasi kavu. Kokwa za parachichi zinatoa waridi la udongo hata bila shabu. Hilo ndilo heroe mchanga wako. Manjano ya jikoni usiyaguse kwa kazi ya kudumu, jua linayala upesi.

Wekundu ndio mtihani. Mimi natumia kochineali, wadudu wanaoishi kwenye dungusi kakati. Kwa shabu peke yake unapata waridi kali. Ukikamulia ndimu, unasogea kwenye wekundu wa moto.

ZuhuraUghaibuni, Hamburg
Kaka Kokwa, nakuheshimu, lakini kwa anayeanza mimi nasema rangi za unga. Gramu 1 ya unga kwa gramu 100 za sufu inatosha kwa rangi ya wastani. Mwaga siki, pasha moto polepole bila kuruhusu yatokote, subiri maji yawe meupe, halafu acha yapoe na uzi ukiwa ndani. Sufu ikikurupushwa kutoka moto kwenda baridi, hasa ukiisugua, inaganda na kusinyaa. Vaa barakoa unapopima unga, na sufuria hiyo isirudi kupikia tena.

Kuhusu Natron, msiweke rangi zote kwenye uzi mmoja. Uzi wa rangi nyingi unaficha ufumaji wa matundu, na shali ya matundu ndiyo inayopendeza. Tia kila rangi peke yake, ikipishana kidogo tu kwa kukolea na kupauka.

MamaTumaini, Moshi
Hapo nakuunga mkono, Zuhura. Na nina neno kuhusu wekundu. Mnaiwaza Natron ya picha za angani. Ukisimama Ngare Sero mara nyingi unachoona ni fedha, kijivu na waridi lililopauka. Wekundu unakolea maji yanapokauka na vijidudu vya chumvi kuongezeka. Shangazi amekulia chini, si kwenye ndege. Wekundu uwe mstari mwembamba, waridi na kijivu vitawale.

SindanoMbili, Arusha
Mama, hilo limenigusa, kwa kuwa yeye husema ziwa "linang'aa", hajawahi kusema ni jekundu. Je, naweza kuchanganya: waridi liwe merino, na kijivu kiwe sufu ya Nanyuki ya rangi ya kondoo mwenyewe?

FundiMakete
Unaweza, ila soma lebo ya merino. Ile inayofuliwa mashineni imeondolewa kwa dawa makali ya magamba madogo ya unywele wa sufu, hivyo inanyonya rangi haraka na inarefuka ikilowa. Ya kusokotwa kwa mkono inasinyaa. Zikiwa shali moja, ukingo utavuta na katikati italegea. Chukua merino isiyopitishwa dawa hiyo, na mpe msokotaji kipande chake aone unene unaoutaka.

Kokwa_na_Maganda, Naivasha
Na lile la mlima usilisahau. Lava ya Lengai hutoka nyeusi na kuwa nyeupe ikikutana na unyevu. Anza ukingo na sufu ya kondoo mweusi, nenda kijivu, malizia nyeupe. Hapo hutii rangi hata tone.

ZuhuraUghaibuni, Hamburg
Tia waridi lote chunguni kwa siku moja, mdogo wangu. Likigoma kulingana, fuma na madonge mawili kwa kupokezana, mistari miwili kwa miwili, na tofauti haitaonekana. Kabla ya yote fuma kipande cha kiganja, kifue, kianike, ndipo uhesabu mishono.