Wa mabondeni Dar: wamegoma kuhama au wamekwama?

Mleta mada
Wadau, masika yakikaribia maneno ni yale yale: wa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, ni wabishi, wameambiwa wahame hawasikii, mvua ikinyesha wanapanda mapaani na kuililia serikali. Mimi sikubali.

Turudi Desemba 2011. Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wakapelekwa Mabwepande, nje kabisa ya mji. Walianzia kwenye mahema, wakapewa viwanja, na baada ya muda baadhi yao wakarudi bondeni. Mbeba mizigo wa Kariakoo anatoka Jangwani kwa miguu. Mama lishe vivyo hivyo, alfajiri yuko na sufuria zake. Ukimweka Mabwepande, nauli inamaliza faida kabla hajaishika.

Sasa chukua anayetaka kuhama kwa hiari yake. Chumba cha Kimara au Mbagala, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anadai ya mwezi mmoja. Bondeni unalipa mwezi kwa mwezi. Mtu ambaye maji yamemchukulia godoro, jiko na mtaji, hiyo miezi sita aitoe wapi? Mwaka 2021 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa hadi kufikia 2050 watu hadi milioni 216 wanaweza kuhama ndani ya nchi zao kwa sababu ya tabianchi, hadi milioni 86 kati yao wakiwa Afrika iliyo kusini mwa Jangwa la Sahara. Hiyo ni hesabu ya wahamaji. Wa kwetu hapa, aliyenyang'anywa hata hela ya kuhamia, hayumo.

Mzee wa Mabwepande
Mkuu, huruma ya namna hii inaua. Bonde la Msimbazi lilionekana ni eneo hatarishi tangu mpango wa jiji wa 1979. Mimi ni mmoja wa tuliobaki huku. Tulikula vumbi, maji tulinunua kwa madumu, leo mji umetufuata. Wenzetu waliuza viwanja wakarudi. Mtu aliyeuza kiwanja chake utasemaje amekwama?

Halafu tusisingizie tabianchi kwa kila kitu. Mto Msimbazi unatokea vilima vya Pugu na Kisarawe. Huko juu miti tumekata, kila uwanja tumeusakafia, mchanga na taka vyote vinateremka. Mvua ya kawaida tu inatosha kuwazamisha.

Mpangaji Kigogo
Mzee wangu, shikamoo. Aliuza kwa sababu watoto walitaka kula siku ile. Na wewe ulikuwa na nyumba bondeni. Sisi wapangaji tunahamishwa na begi.

Mgogo mjini
Hapa mnamsahau aliyekuja jana. Kwetu Dodoma mvua ikikatika mahindi yangali mabichi, vijana wanapanda basi. Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 sensa ya 2012, ile ya 2022 ikawakuta milioni 5.38. Si wote wamefukuzwa na jua, wengi wanafuata kazi tu. Lakini anayefika bila kitu anapokelewa na ndugu yake, na ndugu yake anakaa mabondeni. Kakimbia ukame, kapokelewa na mafuriko.

Tena anayefika Dar si maskini wa mwisho. Huyo alikuwa na mbuzi wa kuuza apate nauli, na namba ya binamu wa kumpokea. Asiye na mbuzi yuko kijijini mpaka leo, na huyo hakuna anayemwita mbishi.

Mleta mada
Mzee, la miti na taka umenena. Lakini ubishi si wa maskini peke yao. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, humo humo bondeni, na wataalamu wenye ramani zote mezani. Imejaa maji mara kadhaa, mabasi yameharibika. Desemba 2015 mabuldoza yakaingia Mkwajuni, nako bondeni, nyumba zikapigwa X nyekundu ya kubomolewa, wengine wakajenga tena hatua chache kutoka pale. Mradi wa sasa wa Msimbazi, ule mkopo wa dola milioni 200 wa 2022, una daraja, una bustani, una fidia. Vizuri. Ila fidia ya kumhamisha mtu ihesabu kodi ya miezi sita na nauli ya mwaka mzima, siyo matofali peke yake.

Mzee wa Mabwepande
Na wakiila hiyo kodi wakarudi?

Mleta mada
Alipwe mwenye nyumba mpya moja kwa moja.

Mzee wa Mabwepande
Hapo angalau. Lakini mpangaji wa bondeni hana mkataba. Nani atathibitisha kwamba alikuwa anaishi pale?

Mpangaji Kigogo
Mjumbe. Anamjua kila anayelala mtaani kwake.

Mzee wa Mabwepande
Ndiyo, anamjua. Na shemeji zake wa Tanga nao ghafla watakuwa wanalala pale. Orodha ifungwe leo, kabla fedha haijatangazwa, ibandikwe ofisi ya mtaa kila mtu asome. Bila hivyo mtalipa majina hewa.