Naomba ushauri: ukuta wa udongo wa Kijapani unapasuka

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naishi Kyoto, tunakarabati nyumba ya zamani ya mbao. Ukuta mmoja tumeujenga upya kwa njia yao ya tsuchikabe: fito za mianzi zikafungwa kwa kamba za mabua ya mpunga, tukakandika udongo uliochanganywa na mabua na kuachwa uvunde mwezi mzima. Tabaka hilo, arakabe, lilipasuka likikauka, tukaambiwa ni kawaida. Baada ya miezi miwili tukapaka la pili, nakanuri, lenye mchanga na mabua mafupi.

Hapo ndipo nilipokwama. Nyufa zimerudi, nyingine ncha ya kidole inaingia, na karibu na nguzo udongo umeachia. Ukigonga unalia kama debe tupu. Nimenyunyiza maji na kukandamiza kwa mwiko, kesho yake zinafunguka tena. Naupenda sana ukuta huu, sitaki kuubomoa.

Kwa udongo unaonata hivi, mchanga niongeze kiasi gani? Na palipoachia, nikwangue hapo tu nikandike upya, au tabaka lote litoke kabla ya kupaka shikkui, ile chokaa yao yenye gundi ya mwani?